Kwa wadogo zangu mnaoanza kozi ya historia ya Ugiriki

Nimemaliza kusahihisha rundo la insha za mwaka wa kwanza, na nimechoka kuandika jambo lilelile pembeni mwa kila karatasi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnateleza palepale tulipoteleza sisi. Sishangai, kwa sababu mnasomea madesa yetu.

1. Alexander Mkuu alifia Babylon mwaka 323 KK. Wagiriki hawakufa naye. Insha zenu zikifika hapo zinasinzia kama abiria wa basi la usiku, zinaamkia kwenye mapinduzi ya Wagiriki ya 1821. Mmeruka miaka zaidi ya elfu mbili! Constantinople (leo Istanbul), mji mkuu wa Dola ya Kirumi ya Mashariki, tangu ilipozinduliwa mwaka 330 hadi Waturuki wa Osmani walipoiteka 1453, ilikaliwa na watu waliosali, kusoma na kugombana kwa Kigiriki huku wakijiita Warumi. Wanamsalaba waliiteka 1204, Wakristo wenzao hao. Na msiwasahihishe kuhusu huo Urumi, walijijua.

2. Serikali ya Ugiriki ilitumia kalenda ya zamani, ile ya Julius, hadi 1923. Tarehe za nyaraka za karne ya 19 ziko nyuma ya kalenda yetu ya leo kwa siku 12, kwa hiyo taja unatumia ipi.

3. Ukiisifu demokrasia ya Athens, wataje wanawake, watumwa na wageni wakazi, ambao hawakupiga kura.

4. Lausanne, mji wa Uswisi uliosainiwa mkataba wa Ugiriki na Uturuki. Hapa nitachukua muda, maana ndipo nilipoumia.

Semina ya mwaka wa pili nilipewa mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki. Mkataba ulisainiwa tarehe 30 Januari 1923, jeshi la Ugiriki likiwa limeshindwa Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, na mji wa Smyrna (leo Izmir) umeungua Septemba iliyotangulia. Takwimu nilikuwa nazo: Waorthodoksi wapatao milioni 1.2 waliishia Ugiriki, wengi wao walishakimbia kabla ya mkataba, na Waislamu kati ya 350,000 na 400,000 wakapelekwa Uturuki. Nikachora ramani ya rangi mbili. Nikatangaza kwamba wasema Kigiriki walirudishwa kwao, na wasema Kituruki kwao.

Mhadhiri aliniacha nimalize, na hadi leo sijamsamehe kwa hilo. Kisha akauliza kwa upole: Waislamu wa Crete, kisiwa cha Ugiriki, nyumbani walikuwa wanaongea nini? Nikajibu Kituruki, bila hata kumeza mate. Na Wakristo wa Karaman, kule Anatolia? Kigiriki. Nyuma yangu mtu akaanza kucheka. Kumbe yeye alikuwa amesoma kifungu cha kwanza cha mkataba wenyewe, mimi nimesoma desa. Kifungu kinazungumzia raia wa Uturuki wa dini ya Kiorthodoksi na raia wa Ugiriki wa dini ya Kiislamu. Lugha haimo kabisa.

Waislamu wengi wa Crete walikuwa wanaongea Kigiriki. Kuna waliohamishiwa Ayvalık, mji wa pwani ya Uturuki, bila kujua Kituruki cha kununulia mkate. Wakristo wa Karaman waliongea Kituruki na kukiandika kwa herufi za Kigiriki, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hao wakapelekwa Ugiriki, kwenye nchi ambayo wengine hawakuielewa hata salamu yake. Wagiriki wa Istanbul na Waislamu wa Thrace Magharibi, kaskazini mashariki mwa Ugiriki, waliruhusiwa kubaki, na kwenye ramani yangu hawakuwa na rangi. Nikaambiwa niikunje. Kuikunja mbele ya darasa zima, karatasi ya manila inavyopiga kelele, jamani. Tangu hapo nasoma mkataba kwanza, halafu aliyeueleza.

5. Anayetaka mada ya karibu na nyumbani asome Periplus, kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza BK kinachoutaja mji wa biashara wa Rhapta kwenye pwani yetu, au awafuatilie Wagiriki wa mashamba ya mkonge Tanganyika. Ila msiitie Rhapta alama kwenye ramani kwa kujiamini. Wataalamu bado wanabishana ilikuwa wapi.

6. Karatasi tatu mwaka huu zimesema Socrates alimfundisha Alexander. Socrates alinyweshwa sumu mwaka 399 KK, Alexander akazaliwa 356. Mwalimu wake ni Aristotle. Hizo tatu zije zichukuliwe ofisini, na wenye nazo waje na desa walilotumia, maana nahisi ni langu.