Parkinson na maji ya uti wa mgongo: majibu kwa maswali yenu

Baba ana miaka 68, mkono wa kulia unatetemeka akiwa ametulia. Tumpeleke akatolewe maji ya mgongo?

Mpelekeni kwanza kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo, ukakamavu na mwendo mzito, bado hutambuliwa kwa macho na mikono ya daktari. Atamwambia mzee agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, aone kama mwendo unazidi kuwa mdogo na mzito. Atamkunja kiwiko kupima ukakamavu, kisha amtembeze aone mkono upi haupungi. Kipimo cha maji hakichukui nafasi ya hayo.

Na bebeni dawa zake zote! Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, au haloperidoli, huweza kuleta dalili hizohizo. Inaniuma mgonjwa anapoongezewa levodopa, dawa ya Parkinson, ilhali daktari angeiondoa tu dawa iliyoleta shida.

Maabara hutafuta nini humo?

Alfa-sinukleini, protini ya kawaida ya seli za fahamu, ambayo kwa wagonjwa hujikunja vibaya na kurundikana. Mwaka 1997 ilithibitika kuwa ndiyo iliyojaa kwenye vijibonge vya ndani ya seli za ubongo alivyovieleza daktari Fritz Lewy mwaka 1912. Kwa miaka mingi watafiti walipima kiasi chake tu. Kwa wagonjwa hupungua kidogo, lakini namba zao na za watu wasio na ugonjwa zinaingiliana mno. Tena tone la damu likichanganyika na maji, hesabu imeharibika, kwa sababu chembe nyekundu za damu zimejaa protini hiyohiyo.

Kipimo cha sasa hakijali kiasi. Maji ya mgonjwa huchanganywa na alfa-sinukleini safi na kutikiswa kwa saa nyingi. Kama yana iliyojikunja vibaya, itaikunja na ile safi, na rangi iliyotiwa humo itaanza kung'aa. Utafiti wa watu 1,123 uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa kiliwanasa takriban wagonjwa 88 kati ya 100, na kwa wasio na ugonjwa kilitoa jibu sahihi kwa 96 kati ya 100.

Majibu yangu ni hasi. Nimepona?

Hujapona. Katika utafiti huohuo, karibu theluthi ya wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni ya LRRK2 walipata majibu hasi. Hata chanya haimalizi maneno: shida ya akili inayotokana na vijibonge vya Lewy nayo hutoa chanya. Dalili zako ndizo zitakazosomwa pamoja na karatasi hiyo.

Nirudie kila mwaka nione ugonjwa umefika wapi?

Hapana. Kinajibu ndiyo au la.

Sindano haitanipoozesha?

Swali hili nimelijibu mno, someni safari hii. Uti wenyewe, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya mgongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo. Usumbufu mkubwa ni kichwa kuuma ukiinuka, na sindano yenye ncha butu hupunguza hilo, kwa hiyo iulizie. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla hujalala kitandani.

Sina dalili ila nimepoteza uwezo wa kunusa. Nipimwe?

Usipimwe, isipokuwa umejiunga na utafiti. Kunusa hupotea kwa sababu nyingi, na hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia Parkinson isianze. Anayekuuzia kipimo hiki kama ukaguzi wa kawaida wa afya, mwulize atakufanyia nini majibu yakiwa chanya. Asipokuwa na jibu, usimpe mgongo wako.