Mtoto wa kituoni akishafika nyumbani, wiki za kwanza fungeni geti

Wadada wengi wakisikia tumeasili mtoto kutoka kituo cha kulelea watoto wananiuliza ya makaratasi tu, uende ofisi gani, inachukua muda gani, mahakamani wanauliza nini. Hayo nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ndo kazi yake. Mimi nataka kuongelea kile ambacho watu hawaulizi kabisa, mtoto akishaingia ndani kwako unafanyaje, maana hapo ndo shughuli yenyewe inapoanza.

Sisi tupo Moshi, mtoto tulimchukua kwenye kituo kimoja upande wa Arusha akiwa anaelekea miaka mitatu.

Kabla hamjaondoka kituoni mtafuteni yule mama mlezi anayemlaza mtoto, sio meneja wala mtu wa ofisini. Kaa nae chini umuulize analalaje, anaogopa nini, akiumwa anakuaje, anaimbiwa nini. Halafu omba kitu alichokizoea. Mimi nilipewa kishuka kina viraka, kinanuka mkojo na sabuni ya mche, mama yangu alivyokiona akataka akitupe, nikamwambia mama hicho hakifuliwi na hakitupwi. Nyumba nzima mtoto alikua hajui kitu chochote zaidi ya hicho kishuka.

Sasa geti. Sisi Wachaga mtoto akija nyumbani ukoo mzima unahamia, huyu kaja na mkungu wa ndizi, yule na kuku, kila mtu anataka ambebe na kumlisha mtori kwa mkono wake. Kwa mtoto uliyemzaa wala haina shida, ila huyu wa kituoni ameshalelewa kwa zamu, anti wa asubuhi anaondoka anakuja wa usiku, mwezi ujao kaacha kazi kaja mwingine, sasa ukimpitisha tena mikono ishirini atajuaje kwamba hapa ni kwao na huyu ndo mama yake? Wiki za mwanzo chakula chake, kuogeshwa, kubebwa, vyote viwe vya mama na baba peke yao. Hata dada wa kazi, yeye apike afue, lakini sahani ya mtoto ipite mkononi kwako. Na kila mtu aongee na upande wake, mama mkwe aambiwe na mwanae, sio wewe mkwe ukamwambie mama usije, utaonekana unaringa.

Halafu utasikia wageni wanakwambia jamani huyu mtoto ana upendo, mbona ameshazoea! Usifurahi haraka. Vituo vingi vya huku Arusha na Moshi vina mavolantia wa nje, anakuja wiki chache anabeba mtoto anapiga picha anaondoka, anakuja mwingine. Wa kwetu tulikua nae mjini karibu na mnara wa saa, kaona mtalii anashuka kwenye Land Cruiser na mabuti yake ya mlimani, kaniachia mkono kamkimbilia mikono juu abebwe. Dada wa watu alifurahi kweli, anacheka, anamrusha juu, mimi nimesimama pale na mfuko wa nyanya.

Hii kitu inajulikana. Romania baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989 watoto wengi walitolewa vituoni wakalelewa na familia za Uingereza, na Profesa Michael Rutter na wenzake wakawafuatilia mpaka wakawa watu wazima. Waliotoka kabla ya miezi sita wengi walikua kama watoto wengine tu, ila kati ya waliokaa zaidi ya hapo baadhi tabia ya kumwendea mgeni yeyote bila woga iliwaganda miaka na miaka. Vile vituo vilikua na hali mbaya sana, kwa hiyo usianze kulia, lakini pia usichukulie kwamba ni uchangamfu. Sisi tuliweka utaratibu, mgeni anasalimiwa na kugongewa tano basi, kubebwa ni kwa mama na baba. Siku shangazi yake alipotaka kumpakata akamkatalia na kuja kujificha kwenye gauni langu, wifi yangu alinuna mpaka jioni, mimi moyoni nilikua nashangilia.

Chakula nacho. Utakuta chapati ndani ya foronya, tonge la ugali nyuma ya kochi sisimizi wameshajipanga foleni. Usimgombeze na wala usimuite mwizi hata kwa utani, maana kuna watu hilo neno liko mdomoni muda wote. Weka bakuli la ndizi mbivu sehemu anayofikia na lisiwe tupu hata siku moja, na mpe kidogo kidogo mara nyingi maana mwanzoni anaweza kula mpaka atapike.

Usiku ndo pananiuma mpaka leo. Huyu amezoea kulala chumba kimoja na wenzie kibao, taa inawaka, wewe unamnunulia kitanda cha peke yake chenye picha za magari unamfungia mlango. Godoro lake liweke pembeni ya lako. Na usisubiri alie ndo uamke, wa kwetu alikua anaamka anakaa kitako gizani kimya kabisa, hamuiti mtu, sijui ni usiku ngapi alilia hakuna aliyekuja. Kwa hiyo mimi ndo nilikua naamka kumchungulia.

Hospitali mpelekeni mapema hata kama kituo kimewapa faili zuri. Minyoo, wingi wa damu, sikoseli, homa ya ini, VVU, kifua kikuu, mapunye kichwani, chanjo zilizorukwa, vyote viangaliwe. Na kama mtoto aliokotwa, umri ulioandikwa unaweza kua wa makadirio tu, kwa hiyo nesi akikwambia mbona mdogo kuliko umri wake usikose usingizi.

Kwenye sheria niseme machache. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka muombaji awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, unaanza na malezi ya kambo, yaani unamlea kwanza kabla hajawa wako kisheria, chini ya ustawi wa jamii halafu ombi linaenda Mahakama Kuu. Mgeni asiye raia lazima awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, sio anashuka uwanja wa ndege wa KIA leo kesho anaondoka na mtoto. Afisa akija kuwatembelea msimfichie shida, mwambieni kama mtoto halali au anang'ata, hawezi kuwasaidia kitu asichokijua.

Amri ya mahakama ikitoka mtoto ni wenu kama mliyemzaa, na mirathi imo humo. Swali la kihamba, yaani shamba la ukoo, litakuja tu, kama sio leo basi kwenye kikao cha Desemba watu wakipanda kutoka Dar, kwa hiyo ile amri toeni kopi kadhaa, moja ikae kwa mtu wa ukoo anayeheshimika, na baba wa mtoto aisome kikaoni yeye mwenyewe kabla hajaulizwa.