Je, kununua vifaa na kulihudumia gari mwenyewe kunaokoa fedha?

SWALI: Ndugu mhandisi, ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo huniendesha kazini hapa Morogoro, takriban kilomita 15,000 kwa mwaka. Mwezi uliopita nililipa gereji shilingi 265,000 kwa kumwaga oili, kubadili pedi za breki za mbele na kubadili plagi nne. Mchanganuo wa malipo nimeuambatanisha. Nimetazama video nyingi mtandaoni na kuona kwamba kazi hizi zinafanyika nyumbani. Nimeulizia bei za vifaa: seti ya soketi 150,000, jeki kubwa 90,000, stendi mbili za kuegeshea gari 70,000, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) 90,000 na vitu vidogo vidogo 30,000, jumla 430,000. Je, nivinunue na kuachana na fundi?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuambatanisha mchanganuo, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo humo. Oili lita 4 ilikugharimu 80,000, filta 15,000, pedi 45,000 na plagi 60,000, jumla shilingi 200,000 za spea. Hela ya ufundi ilikuwa 20,000 kwa oili, 30,000 kwa pedi na 15,000 kwa plagi, yaani 65,000. Katika kila shilingi nne ulizotoa, takriban tatu zilikwenda dukani na moja tu ndiyo iliyomlipa fundi. Hata ukishika spana mwenyewe, zile tatu utaendelea kuzilipa.

Sasa tupige hesabu ya mwaka mzima. Ukimwaga oili kila baada ya kilomita 5,000, utafanya hivyo mara tatu, na ufundi wake ni 60,000. Ukiongeza pedi mara moja na plagi mara moja, hata kama hazihitajiki kila mwaka, unafika 105,000. Vifaa vya 430,000 vitachukua zaidi ya miaka minne kurudisha fedha yake, na hapo tumechukulia kwamba hutaharibu kitu chochote na kwamba saa zako za Jumamosi hazina kazi nyingine ya kukuingizia kipato. Video nyingi unazotazama zimetengenezwa Marekani, ambako gereji nyingi hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya kazi, na kwa mwenye gari wa huko seti ya soketi inaweza kujilipa kwa matengenezo mawili tu. Hesabu yao ni sahihi kwao, lakini haihamishiki Morogoro bila kubadilishwa.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika hesabu yako, nayo ni ya kosa. Kichwa cha injini yako ni cha alumini, na plagi hukazwa kwa nguvu ndogo sana, takriban Nm 18 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Anayeikaza kwa mkono wenye hasira, au anayeianza ikiwa imepinda, huzila nyuzi za tundu (mistari ambamo plagi hujipinda kuingia), na kuzirudisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu. Fundi akizila yeye, ni haki yako kumdai azirekebishe. Ukizila wewe, unalipa wewe. Ndiyo maana, kama utafanya kazi ya plagi au ya boliti ya kumwagia oili (ambayo kichwa chake ni cha milimita 14 na hukazwa kwa takriban Nm 37), toki renchi si anasa, na nakupongeza kwa kuiweka katika orodha.

Je, hii ina maana kwamba usiguse gari lako? Hapana, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu naona wamiliki wengi wanatafuta akiba mahali pasipo na fedha. Akiba kubwa katika mazingira yetu iko katika kujua ni kitu gani hasa kimeharibika na katika kununua spea mwenyewe, wala haitokani na kumnyima fundi ujira wake wa 20,000.

Chukua mfano wa gari linalomisi, yaani injini inatetemeka na nguvu inapungua hasa unapopanda mlima. Katika gereji nyingi utaambiwa ununue koili zote nne (vifaa vinavyozipa plagi umeme wa kutoa cheche) pamoja na plagi, na gharama hiyo inaweza kuzidi ufundi wako wa mwaka mzima. Injini yako ina koili nne, moja juu ya kila plagi, na kila moja imeshikiliwa na boliti moja ya 10. Zima injini na uiache ipoe. Ondoa koili unayoishuku, uibadilishane na ya silinda ya jirani, rudisha waya zake, kisha washa gari na usikilize. Kasoro ikihamia silinda ile ya jirani, koili ndiyo mbovu na unanunua moja tu. Ikibaki palepale, koili ni nzima na sasa unaichunguza plagi. Utajua imehama au haijahama kwa kuchomoa soketi ya waya ya koili moja moja, injini ikiwa imezimwa, halafu kuiwasha kwa muda mfupi tu: silinda ambayo kuichomoa hakubadilishi mtetemo ndiyo isiyofanya kazi. Jaribio hili linahitaji spana moja na dakika chache, na linaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko ufundi wa miezi mingi.

Vipo pia vifaa vidogo vya kusomea kupitia simu misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Vinasaidia, lakini hakikisha kabla ya kulipa kwamba kinasoma gari lako hasa, kwani magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo, yaliyotengenezwa kwa soko la ndani ya Japani, hayazungumzi na kila kifaa.

Kuhusu spea, nenda dukani mwenyewe na namba ya chesesi mkononi, dai risiti, na ukabidhi boksi ambalo halijafunguliwa. Mfundishe fundi wako kwamba kitu kilichotolewa kwenye gari ni mali yako na utakiona kabla hakijatupwa. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa hilo. Kwa kweli humlinda yeye pia. Filta ya oili ya bandia kwa nje inafanana sana na halisi, lakini ndani karatasi yake mara nyingi huwa hafifu na vali ya kuzuia oili isirudi chini huenda isifanye kazi, na hapo kila asubuhi injini huwaka ikiwa kavu kwa sekunde kadhaa.

Katika kazi zenyewe, anza na chujio la hewa na ukaguzi wa oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki, ambazo hazihitaji kifaa chochote cha maana. Kumwaga oili kunafuata, na kuna jambo moja ambalo hata gereji hulikosea: injini yako hupokea takriban lita 3.7 pamoja na filta, ilhali kopo lina lita 4, na wengi hulimimina lote. Acha kiasi ndani ya kopo, washa injini kidogo, izime, subiri, kisha upime kwa kijiti. Oili chafu iweke kwenye dumu na uipeleke gereji, usiimwage mtaroni.

Pedi za breki naziweka upande wa kazi ya kufanya na fundi akiwa pembeni, angalau mara ya kwanza. Si kazi ngumu, lakini ina mtego: ili pedi mpya zenye unene ziingie, unairudisha pistoni inayozisukuma ndani ya kalipa (kifaa kinachozibana pedi), na kanyagio la breki, ukilikanyaga mara ya kwanza baada ya kufunga, litazama hadi sakafuni bila kushika chochote. Asiyelipampu mara kadhaa gari likiwa limesimama atagundua hilo akiwa tayari amelitoa getini. Na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake; ukiamua kununua jeki, stendi zinanunuliwa siku hiyohiyo. Giaboksi, springi za shokapu, mifuko ya hewa na gesi ya kiyoyozi viache kabisa kwa wenye vifaa vyake.

Kwa hiyo usitoe 430,000 kwa mkupuo. Nunua seti ndogo ya soketi yenye 10, 12, 14 na soketi ya plagi ya 16, pamoja na toki renchi, na uache jeki na stendi hadi utakapokuwa na hakika kwamba kazi hii unaipenda. Kwa oili unaweza kuendelea kumlipa fundi wako 20,000 ukiwa umempelekea oili na filta yako. Wakati huohuo, mwulize plagi zilizotolewa mwezi uliopita zilikuwa za aina gani. Plagi za kawaida hudumu takriban kilomita 20,000, za iridiamu hufika hata 100,000. Kama zilikuwa za iridiamu na zilifungwa mwaka juzi, basi 75,000 ya plagi na ufundi wake haikuwa na sababu ya kutoka mfukoni mwako.