Usome, lakini kagua mtaala kwanza

Dada yangu, umeuliza kama kiongozi wa kikundi cha ngoma anahitaji kusomea uongozi wa sanaa na usimamizi wa mashirika yasiyo ya kiserikali, au uzoefu wa jukwaani unamtosha. Nakushauri usome, ila kabla ya kulipa ada uombe mtaala na uhakikishe kwamba unafundisha bajeti, uandishi wa maombi ya ufadhili na utunzaji wa hesabu, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi vyenye vipaji hukwama. Niliwahi kutunza fedha za kikundi cha maigizo: tulikodi ngoma na gari bila kudai stakabadhi, na mfadhili alipotaka hesabu nilikuwa na daftari lenye namba za penseli tu, hivyo awamu ya pili hatukuipata. Iliniuma sana.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka shirika lililosajiliwa kuwasilisha taarifa ya kila mwaka kwa Msajili. Kozi isiyoigusa itakuacha nusu njia. Ukiweza, omba mafunzo kwa vitendo katika tamasha kama Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza 2004, miezi kadhaa kabla ya maonyesho, wakati mikataba ya wasanii ingali inaandikwa.