Ukiandika historia ya marehemu, usimsahau ng'ombe wake

Babu yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeitwa Mkopo. Ukikutana na babu asubuhi kwenye njia ya mfereji, mzigo wa majani kichwani, ukamwamkia na kumuuliza aendako, anakujibu bila kusimama: "Napeleka marejesho." Ng'ombe huyo alikaa bandani mwaka mzima, kama ng'ombe wengi wa vihambani, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, kwetu Uchagani, Marangu, Kilimanjaro, kwa hiyo deni halikuisha.

Babu alipofariki, mimi niliyeonekana nimesoma nikapewa kazi ya kuandika historia ya marehemu. Niliiandika usiku kwenye simu, huku nje vijana wanafunga maturubai. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akapata watoto saba, akauza kahawa yake kupitia ushirika, akaugua presha. Niliposoma, watu walitulia kama wanaosikiliza matangazo ya kanisani. Mkopo hakuwemo.

Kisha jirani mmoja, mzee wa Kipare, mtani wake, akaomba dakika mbili. Akaeleza siku mbuzi wake alipotafuna masale, mimea iliyopandwa mpakani. Kwetu sale ndilo mpaka wa kihamba, na ndilo hilo hilo unalompelekea mtu ukitaka akusamehe. Si jani la kuchezea. Mzee alikuja amejiandaa kwa ugomvi. Babu akamwambia, "Mbuzi wako amekula mpaka, basi shamba sasa ni letu sote. Jembe lile pale, anzia kwenye migomba." Akalima hadi saa sita, ndipo akapewa mbege, pombe yetu ya ndizi. Watu walicheka mbele ya jeneza, na shangazi, ambaye hakuwa amelia tangu juzi yake, akalia hapo.

Nilijifunza kwa aibu, ila wewe bado una nafasi. Anza mzee akiwa hai, na usimwekee simu mezani ukamwambia asimulie. Nilijaribu kwa bibi: akavaa kitenge kipya, akakaa kama anapigwa picha ya kitambulisho, akaanza, "Mimi nilizaliwa..." Nikaizima. Jioni tulipokuwa tunamenya ndizi mshare za mtori, vidole vimejaa utomvu, maneno yakaja yenyewe. Simu ilikuwa kwenye kikapu cha ndizi, inarekodi kwa ruhusa yake.

Waulize na wasio ndugu: aliyenunua maziwa, aliyepokezana naye zamu ya maji ya mfereji. Sisi wajukuu tunakumbuka ada alizolipa. Wao wanakumbuka alichosema. Na kama utani ulitoka kwa Kichaga, uandike kwanza kwa Kichaga. Ukikimbilia Kiswahili, kesho utashangaa watu walicheka nini.

Usimsafishe sana, vilevile. Bibi aliniambia kuna mvua za masika alichoka kuchekeshwa, alitaka paa la jikoni lizibwe. Babu alimwambia maji yanayovuja yanampunguzia safari ya kisimani. Nilitaka kuliacha hilo, bibi akakataa: "Liandike. Sufuria nilikuwa nakinga mimi."

Sasa nina daftari la kurasa arobaini hivi, mwandiko mbaya, na doa la utomvu kwenye jalada. Mkopo tulimuuza mwaka jana. Ndama wake yupo bandani, na bibi amempa jina mwenyewe: Riba.