Maswali yenu kuhusu Hvedekorn, jarida la mashairi la Denmark

Nimesikia jarida hili lina zaidi ya miaka 100. Ni kweli?

Kweli. Lilianza 1920 likiitwa Klinte. Miaka ya 1930 lilijulikana kama Vild Hvede, yaani ngano mwitu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 likawa Hvedekorn, punje ya ngano. Mpaka leo linachapa mashairi pamoja na michoro.

Mshairi Tove Ditlevsen aliingiaje humo?

Hapa ndipo ninapolipendea jarida hili. Tove alizaliwa 1917 Vesterbro, mtaa wa wafanyakazi mjini Copenhagen, na baba yake alikuwa mchochea tanuri. Hakuwa na shahada wala mtu wa kumshika mkono. Mwaka 1937 mhariri, Viggo F. Møller, alichapa shairi lake la kumlilia mtoto aliyekufa. Binti mwenyewe alikuwa na miaka 19 na hajawahi kuzaa! Mhariri alitazama shairi, hakutazama ukoo. Miaka miwili baadaye kitabu chake cha kwanza, Pigesind, kilitoka. Mwaka 1940 wakaoana, yeye na huyo Møller aliyemzidi miaka 30, ndoa haikudumu.

Hao Wadenmaki wana vina na mizani kama sisi?

Mashairi ya mwanzo ya Tove yana vina. Baadaye wengi waliviacha, lakini msidhani waliacha hesabu. Mshairi Inger Christensen, ambaye naye alichapwa Hvedekorn akiwa bado kijana, alitoa kitabu cha shairi refu, alfabet, mwaka 1981. Sehemu ya kwanza ina mstari 1, ya pili 2, kisha 3, 5, 8, 13: kila idadi ni jumla ya mbili zilizotangulia. Inaanza na miaprikoti, miti ya matunda ambayo jina lake la Kidenmaki huanza kwa herufi A, na inaendelea hadi N. Mshairi wetu yeyote anayehesabu mizani kwa vidole angeielewa kazi hiyo mara moja.

Mhariri mmoja kukaa muda mrefu si hatari?

Ni hatari, ladha ya mtu mmoja inaweza kugeuka sheria. Poul Borum alilihariri tangu 1968 hadi alipofariki 1996. Hata hivyo mimi namtetea. Alikuwa mhakiki mkali magazetini, lakini mlango wa jarida aliuacha wazi kwa wasiojulikana, na 1987 alishiriki kuanzisha Forfatterskolen, shule ya waandishi. Anayesoma barua za vijana kwa karibu miaka 30 bila kuchoka ameitumikia lugha yake.