Sakafu ya motohomu inabonyea? Weka drili chini kwanza

Vijana wangu, tuelewane. Tena kuna mtu katoboa sakafu ya motohomu (gari lenye nyumba ndani) ya mtumba ikawa kama chujio, kamwaga epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu, kapanga matofali juu, kisha anashangaa mbona mguu bado unazama pale mlangoni. Nawapenda, lakini mnachosha. Epoksi haina kosa lolote. Mnaanza kujenga ukuta na ufa hamjauona uko wapi.

1. Tafuta maji yanakotoka. Njia kubwa ziko tatu: mvua, mabomba ya ndani, na mvuke wa watu wanaolala na kupika humo. Bomba likivuja, pampu hujiwasha yenyewe kwa sekunde moja mbili wakati mifereji yote imefungwa. Beseni la bafu lijaze maji yenye rangi ya chakula, uone rangi inatokea wapi. Mvuke hukaa juu juu, kwenye kona za baridi na chini ya godoro. Ukifuta na kupitisha hewa, kipimo kinashuka. Mvua ndiyo yenye ujanja. Maji huingilia kwenye kiungo cha paa au skrubu ya reli ya turubai, yanafuata fito ndani ya ukuta, yanakuja kutokea kwenye kona ya sakafu mbali kabisa na tundu lenyewe. Kwa hiyo ukipima kwa mpira wa maji, anza chini upande juu, sehemu moja kwa dakika 10 hadi 15, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia paani unalowesha gari zima na hujajua kitu.

Kipima unyevu cha pini nacho kina tabia zake. Kwenye mbao, chini ya asilimia 15 lala usingizi. 15 hadi 20 fuatilia. Ikipita 20 fangasi wa kuozesha wanakaribia kupata wanachotaka, na ikifika 30 tegemea kukuta mbao imeshalainika. Lakini msumari, waya au karatasi ya alumini nyuma ya ukuta vinaweza kukupa namba ya kutisha pasipo na tone la maji. Anza kupima mahali unapojua ni pakavu, upate cha kulinganishia. Pini zidunge ndani ya makabati, pasipoonekana. Namba ziandike kwenye mchoro wa gari na tarehe. Namba moja haikuambii kama hali inapanda au inashuka.

2. Gundi kuachia ni jambo moja, mbao kuoza ni jambo jingine. Nyie mnalichanganya kila mara, ngoja nilitafune taratibu.

Sakafu hizi nyingi ni tabaka tatu: plaiwudi juu, povu gumu la polistairini katikati likiwa na fito za mbao, na plaiwudi chini. Plaiwudi ya juu peke yake ni nyembamba, mara nyingi milimita chache tu. Nguvu inatoka kwa tabaka zote kushikana na kufanya kazi kama kitu kimoja. Pale panapokanyagwa sana, mlangoni na mbele ya sinki, gundi kati ya plaiwudi na povu huchoka na kuachia. Sakafu inabonyea, inalia, lakini ni kavu na mbao ni nzima. Huyo ndiye mgonjwa wa epoksi.

Mbao iliyooza ni kesi nyingine. Bisibisi inazama bila kusukumwa, ukiichomoa inatoka na unga mweusi wenye maji, na harufu ni ya uyoga. Usiishie juu. Lala chini ya gari uchokonoe plaiwudi ya chini nyuma ya madigadi na kwenye ukingo wa nyuma kabisa, maana huko magurudumu hurusha maji na kingo za plaiwudi huyanywa. Ukikuta lami nene imepakwa huko, igonge: mara nyingi inaficha plaiwudi laini, na unyevu ulioingia kutoka juu imeufungia humo humo.

Sasa mtu anachukua sakafu ya namna hiyo na kuisukumia epoksi. Kinachofuata? Epoksi haishiki vizuri kwenye mbao yenye maji. Inaganda pembeni yake. Inaziba nafasi ambazo unyevu ungepitia kutoka. Juu panakuwa pagumu, mwenye gari anafurahi, anatandika zulia jipya la plastiki na kufunga mlango wa mwisho wa hewa. Chini yake fito zinaendelea kuoza, na fito hizo ndizo zinazoshika skrubu za makabati, na kwenye magari mengi boliti zinazofunga nyumba kwenye chesisi hupita maeneo hayo hayo. Unayesikia kabati likigongagonga barabarani, anzia hapo. Na siku ya kutengeneza kwa haki, epoksi iliyoganda haikwanguliki: plaiwudi inatoka na povu lake, na kiraka cha nusu meta kinageuka sakafu nzima.

Kukausha basi. Ng'oa zulia, fungua makabati, weka mashine ya kukausha hewa na madirisha yafungwe. Kwenye baridi tumia ile ya kemikali, kwani ya kompresa hulegea joto likishuka. Hita peke yake inahamisha unyevu kutoka sakafuni kwenda kwenye ukuta wa baridi, basi. Maji yaliyokaa kati ya povu na plaiwudi hutoka polepole mno, hesabu wiki. Subiri vipimo viwili vya chini ya 15 vilivyopishana wiki moja.

3. Kusukuma epoksi sasa. Tembea peku, zungushia chaki panapobonyea. Angalia chini ya gari pana waya, bomba au tangi gani. Biti ya milimita 6, funga selotepu kuonyesha kina, toboa plaiwudi ya juu peke yake, matundu kila sentimita 10 kwa mpangilio wa kupishana. Nyonya unga wote. Tumia epoksi nyepesi, inayoganda taratibu, joto la chumba. Changanya mililita 100 au 200 kwa mara moja, kwa sababu kikombe kikubwa huchemka chenyewe na kuganda mkononi. Anzia ukingoni, sukuma kwa sirinji hadi itokee tundu la jirani, ziba kwa kijiti cha mbao, songa mbele. Usilazimishe, utapata nundu. Tandaza nailoni, ubao ulionyooka, uzito uliosambaa sawasawa, saa 24. Vijiti vikate kwa patasi.

Resini ya poliesta msiiguse. Inayeyusha polistairini, na utabaki na shimo ambalo hukuwa nalo.

4. Imeoza? Kata. Msumeno wa duara uweke kina cha plaiwudi ya juu tu, ukate hadi mbao ngumu kisha uongeze sentimita 10, na mstari wa kukata uangukie katikati ya fito ili kipande kipya kipate pa kulalia. Pasipo na fito, ingiza mbao ya kuegemea chini ya pande zote mbili. Povu liwe gumu, la unene ule ule, siyo lile la kufungia televisheni. Gundi ni epoksi au poliyurethani. Hii ya pili huvimba, bila uzito itainua kazi yako. Gundi za mpira zenye kiyeyushi hula povu. Kingo zote zipakwe epoksi kabla ya kufunga.

5. Kuziba panapovuja: silikoni iacheni bafuni. Juu ya mabaki yake hakuna kinachoshika, hata silikoni nyingine. Butili, ile ya kuzibia inayobaki laini, kwa madirisha ya paa na reli, vitu vya kufunguliwa tena. Poliyurethani ya kuzibia kwa viungo vya bodi, mbali na plastiki za madirisha, zinaweza kupasuka.

6. Yale matundu ya sakafuni yenye wavu, karibu na jiko na kwenye kabati la mitungi, si sababu ya unyevu wenu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutokea hapo. Mtu aliyeyaziba "ili maji yasiingie" akayazibue leo, kabla ya kuwasha jiko, na wavu auondolee matope.